Besi inapotea shoo za nje: niongeze 4x10 ya pili au 1x15?

#1 BesiKavu (Masasi)
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Kichwa (amplifaya ya gitaa langu la besi) ni cha transista, kile chepesi cha kubeba begani: wati 500 kwenye omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), wati 300 kwenye omu 8, na nyuma kimeandikwa kisishuke chini ya omu 4. Boksi ni moja la 4x10 (spika nne za inchi 10), mtumba, kibandiko kinasema omu 8. Ukumbini besi inatosha na chenji inabaki. Tatizo ni shoo za nje msimu huu wa korosho: Tandahimba, Newala, Nachingwea, turubai juu, jukwaa la mbao, hakuna ukuta. Drams zikianza na kinanda kikaingia, besi hujui imepita wapi. Nikipandisha sauti taa nyekundu inawaka na boksi linakoroma.

Bajeti inaruhusu boksi moja tu. Niongeze 4x10 ya pili au 1x15 (spika moja ya inchi 15)? Au tatizo si boksi?

#2 Fundi_Ligula (Mtwara)
Hesabu kwanza, ladha baadaye. Boksi la omu 8 ukiliunga na lingine la omu 8 unapata omu 4, kichwa kinatoa wati 500 zote. Ukinunua la omu 4 ukaliunga na hilo la 8 unapata 2.67 (zidisha 8 kwa 4, gawa kwa jumla yao 12). Hapo umevuka mpaka. Kichwa chenye kinga kitajizima katikati ya wimbo, kisicho na kinga kitakula transista za mwisho. Lolote utakalochukua liwe la omu 8.

Na kabla hajaja mtu na ile hadithi: ukitoa waya kichwani kwenda boksi la kwanza, kisha boksi la kwanza kwenda la pili, HAZIWI mfululizo (moja baada ya nyingine, omu zikijumlishwa). Matundu mawili ya nyuma ya boksi yameungwa sambamba (kila boksi linapata umeme wake moja kwa moja). Ni omu 4 ileile kama ungetoa waya mbili kichwani.

#3 KumiNaTano (Mtwara)
1x15, usijiulize mara mbili. Kumi zinatoa mlio, kumi na tano inatoa uzito. 4x10 juu, 1x15 chini, ndiyo picha ya mpiga besi tangu zamani. Kampuni ya Fender walipotoa amplifaya ya besi ya Bassman ya kwanza mwaka 1952 waliweka spika moja ya inchi 15. Hawakuwa wajinga.

#4 MtaniWaLindi
#3 historia umeikata katikati. Bassman hiyohiyo haikuchukua miaka mingi ikahamia 4x10. Na kampuni ya Ampeg walipotoa kichwa cha SVT mwaka 1969, wati 300 za valvu, boksi zake zilikuwa za 8x10, hamna 15 hata moja. Karatasi ya vipimo ya SVT-810E, boksi lao la 8x10, inasema limeshashuka desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye hezi 58 (mitetemo 58 kwa sekunde), wakati uzi wa E, ule mnene kuliko yote wa besi, uko hezi 41. Yaani boksi linaloogopwa kuliko yote halifiki E kavu, na hakuna anayelalamika kwamba ni jepesi. Sikio linajazia lenyewe kutokana na hezi 82 na 123 zilizomo ndani ya noti hiyohiyo.

Kipenyo peke yake hakiamui besi. Angalia eneo la koni (ile karatasi ya spika inayotikisika) zote kwa pamoja, koni inasafiri milimita ngapi mbele na nyuma, boksi lina lita ngapi na tundu lake la kupumulia limepimwa hezi ngapi. Koni nne za 10 zina eneo zaidi ya mara moja na nusu ya koni moja ya 15.

Halafu tazama mgawo. Boksi mbili za omu 8 zinagawana nusu kwa nusu. Wati 250 zinaingia kwenye koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) MOJA ya 15. Wati 250 za upande wa pili zinagawanywa kwa nne, kila spika ya 10 inapata 62.5. Nani ataungua kwanza hapo?

#5 KumiNaTano
15 yenye koili ya inchi 3 au 4 inakula wati 250 kama karanga. Nyie watani wa Lindi hata ugali mnausoma kwenye karatasi.

#6 KoroshoMbichi (Newala)
Mnazunguka. Wimbi la E lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ukisimama jirani na boksi hulisikii kwa sababu halijakamilika. Tembea mita 10 mbele ya jukwaa, besi utaikuta huko imejaa inakusubiri.

#7 MamaKwaya (Ndanda)
#6 mwanangu, urefu umeupatia, sababu umeikosea. Kwa joto letu sauti inakwenda kama mita 347 kwa sekunde, gawa kwa 41, ni mita 8 na nusu kasoro. Lakini wimbi halihitaji uwanja wa kukamilika. Vaa hedifoni: E inasikika na spika iko sentimita chache tu kutoka kwenye ngoma ya sikio.

Jirani na boksi kuna mambo mengine. 4x10 ikiwa chini, sauti za kati zinazoonyesha ni noti gani imepigwa zinapita magotini kwako na kwenda kwa watu. Wewe unabaki na mvumo tu. Liinue au liegemeze litazame uso wako.

Jambo la pili ni ukuta. Boksi likiwa mita 1 kutoka ukutani, besi iliyokwenda nyuma inagonga ukuta na kurudi imechelewa nusu wimbi kwenye hezi 87 hivi, inaiua ile ya mbele. Ndiyo maana noti moja inakufa na ya jirani yake inanguruma. Dawa ni kulisukuma boksi hadi karibu liguse ukuta.

Sasa huko uwanjani ukuta hamna. Turubai kwa besi ni sawa na chandarua kwa upepo. Ukumbini ukuta mmoja mgumu nyuma ya boksi ulikuwa unaweza kukupa hadi desibeli 6 bure huku chini kabisa, kona inaongeza zaidi. Desibeli 6 ni sawa na kuzidisha wati mara nne. Hicho ndicho kilichopotea, si kipaji chako.

#8 BesiKavu
Shikamoo mama, hilo la ukuta limeingia. Nyongeza: soketi huwa mbali, natumia eksitensheni ya kuzungusha, mita 50.

#9 Chuma_Shangani
Ungeanza na hilo. Eksitensheni nyingi za madukani ni waya wa milimita za mraba 0.75 au 1, imeandikwa ubavuni. Mita 50 za 0.75 kwenda na kurudi ni kama omu 2.4. Kichwa, kinanda, miksa na taa za jukwaa vikivuta ampea 10 kwa pamoja, volti 24 zinapotelea njiani. Na usiku wa sherehe mtaa mzima umewasha, volti zinaondoka nguzoni zikiwa zimechoka tayari. Kichwa kinapata volti 195, kinakosa pumzi, taa nyekundu inawaka mapema.

Tumia waya wa 2.5, na uufungue wote kwenye gurudumu lake. Ukiacha umezungushwa unapata moto hadi ganda linayeyuka. Usikate mguu wa ethi ili kuua mvumo, huo mguu ndio unaokulinda mkono ukiwa kwenye nyuzi na mdomo ukiwa kwenye maiki.

#10 Fundi_Ligula
#9 ushauri wa waya naunga mkono asilimia mia. Ila usimpe matumaini yasiyokuwepo. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 195, kichwa chenye transfoma nzito kinabaki na asilimia 72 ya nguvu zake. Kwa desibeli ni 1.4. Utaisikia ukitega sikio, lakini "hujui imepita wapi" si desibeli 1.4. Na chake ni kile chepesi, huenda ni cha pawa saplai ya kisasa inayokubali volti 100 hadi 240. Akisome nyuma. Kama ni hivyo hakihisi kitu.

#11 Sauti_Mikindani
Naongeza moto. BesiKavu, ikwaliza (vitufe vya besi, kati na juu) umeiweka vipi?

#12 BesiKavu
Besi imefika mwisho kulia, kati nimepunguza, juu nimepandisha. Ukumbini ndiyo tamu.

#13 Sauti_Mikindani
Haya, mwizi huyu hapa. Kitufe cha besi ukikikaza mwisho, vichwa vingi vinaongeza kama desibeli 12 au 15. Desibeli 12 ni mara kumi na sita ya nguvu. Ukipiga E, kichwa kilichokuwa kinatumia wati 30 kinaombwa wati 480. Taa nyekundu lazima iwake. Na boksi la tundu likipata hezi zilizo chini ya kipimo cha tundu lake, koni inakosa hewa ya kuizuia, inaruka hadi koili inagonga nyuma. Hapo ndipo panapokoroma, na unaweza kuiua spika ya wati 200 kwa wati 80 tu.

Shoo ya nje fanya kinyume. Besi iwe katikati, alama ya kitufe ikitazama juu, au chini yake kidogo. Kati pandisha: hezi 250 hadi 400 ndipo mwili wa noti ulipo, 700 hadi 900 ndipo kidole kinapojulikana. Ukiwa peke yako utaiona mbaya, inakwaruza. Drams zikiingia inakaa mahali pake. Kama kichwa kina kichujio cha chini, kata kila kitu chini ya hezi 35 au 40, hutakikosa.

Na mwambie wa kinanda aondoe mkono wa kushoto. Watu wawili hawalali kitanda cha futi mbili na nusu.

#14 KoroshoMbichi
Hapo kwa wa kinanda umenena. Lakini mwambie wewe, mimi nina familia.

#15 Vyombo_Nachingwea
Nasoma tangu #1 nashangaa. Boksi la jukwaani kazi yake ni ninyi wenyewe jukwaani msikilizane. Watu mia nne uwanjani wanalishwa na vyombo (miksa na spika kubwa za uwanjani). Toa DI (waya wa kupeleka besi moja kwa moja kwenye miksa) nyuma ya kichwa, iweke kabla ya ikwaliza ili ukichezea vitufe usimharibie fundi mitambo, peleka kwenye miksa, sabu (spika za besi nzito) mbili za inchi 18 zifanye kazi. Ukitumia 4x10 mbili kuwafikia watu wa nyuma, mwimbaji aliyesimama mbele yako hasikii anachoimba, na besi yako yote inaingia kwenye maiki yake.

#16 MtaniWaLindi
#15 sawa kabisa, kama sabu zipo. Shoo nyingi za huko ndani vyombo ni spika mbili za 15 juu ya miguu na miksa ya chaneli sita. Ukiingiza besi humo pamoja na sauti, kila E inapopigwa sauti ya mwimbaji inatetemeka kama mtu aliye kwenye bodaboda. Hapo boksi la jukwaani ndilo chombo.

#17 Kijana_Ruangwa
Wakubwa, mimi nina wazo la bei chee. Achukue amplifaya ya vyombo, ile ya chaneli mbili, wati 500 kila upande kwenye omu 4. Aipige briji (chaneli mbili zifanye kazi kama moja) apate wati 1000, aunge 4x10 mbili. Kimeisha.

#18 Fundi_Ligula
Kimeisha kweli, amplifaya imeisha. Kwenye briji kila chaneli inaona NUSU ya mzigo. Ukiweka omu 4, kila upande unaona omu 2, wakati mpaka wake ni 4. Hiyo ukiipiga briji usishuke chini ya omu 8, maana yake ni boksi moja tu la 4x10, ambalo lenyewe huenda halibebi wati 1000. Kama ni amplifaya hiyo, acha stirio, boksi moja kila chaneli.

Na kwa wenye vichwa vya valvu wanaosoma kimyakimya: cha transista ukikiwasha bila boksi hakina neno. Cha valvu usijaribu hata sekunde chache, transfoma ya kutolea inaungua. Swichi ya omu ya nyuma ilingane na boksi.

#19 KoroshoMbichi
Swali la pembeni. Hiyo 4x10 ya pili si fundi seremala anaweza kuchonga? Mbao zipo, kapeti ipo.

#20 Chuma_Shangani
Anaweza, lakini si kwa MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa). Ukanda huu unyevu wa bahari unaingia, ikipata maji pembeni inavimba kama andazi na skrubu hazishiki tena. Chukua plaiwudi ya milimita 18 yenye tabaka nyingi. Nje iwe kama 60 kwa 60 kwa kina 45, weka ubao wa kukaza katikati kutoka mbele hadi nyuma. Ziba kila kiungo kwa gundi, ndani na nje. Tundu dogo la hewa linapiga filimbi kwenye A na hutalipata kwa wiki nzima. Mninga usithubutu, utabeba jeneza.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, chumvi. Mikindani, Lindi, Kilwa, vile vibanio vya waya nyuma ya spika vinaota kijani. Waya inaonekana imeshika kumbe imeegemea tu. Ng'oa, sugua kwa msasa laini, kisha lehemu moja kwa moja.

#21 Sauti_Mikindani
Kwenye waya wa kichwa kwenda boksi pia. Watu wanachukua waya wa gitaa kwa sababu jeki zinafanana. Ule ndani ni unywele mmoja umezungukwa na wavu, ukipitisha wati 300 unapata joto, mwisho unagusana. Waya wa spika ni mbili sawa, za 2.5, na bora ncha ziwe spikoni (plagi ya spika inayojifunga) kwa sababu haichomoki wala haigusanishi ukiichomeka kukiwa na moto. Kuna waya wa alumini uliopakwa rangi ya shaba: kwangua kwa kisu, ukiona nyeupe ndani rudisha dukani.

#22 KumiNaTano
Nyote mmeandika gazeti, ila hakuna aliyejibu swali. Jamaa kauliza 4x10 au 1x15.

#23 MtaniWaLindi
Nimejibu #4. Mbili zinazofanana. Kutoka boksi moja la omu 8 kwenda mawili, wati zinatoka 300 hadi 500, hiyo ni desibeli 2 na kitu. Koni zimekuwa mara mbili, desibeli 3 nyingine. Jumla karibu 5. Zipange moja juu ya nyingine, usiziweke bega kwa bega, zikiwa ubavuni sauti za kati zinakatana na anayesimama pembeni anasikia nusu. Ukichanganya 15 na 10, kuna hezi ambazo boksi moja linasukuma mbele na jingine linavuta nyuma, sauti inaweza kuwa tamu au ikawa shimo, hujui mpaka umelipa.

#24 MamaKwaya
Nami nasema kabla ya kulipa, BesiKavu, chukua mita (ile ya kupimia umeme), weka omu, chomoa boksi kwenye kichwa, pima kwenye jeki ya waya wake. Boksi zima la omu 8 linasoma 5.5 hadi 7, kwa sababu mita inapima koili iliyotulia. Mtumba una mambo. Kibandiko hakiungui, spika ndiyo inaungua.

#25 BesiKavu
Nimepima. 11.7. Nimebadilisha betri ya mita, bado 11.7. Hii maana yake nini?

#26 Fundi_Ligula
Hehehe. Uzi mzima tumekula kurasa, jibu lilikuwa ndani ya boksi.

4x10 ya omu 8 yenye spika nne za omu 8 inaungwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, mbili mbili mfululizo, kisha jozi hizo sambamba. Spika moja ikikatika, mwenzake naye ananyamaza. Inabaki jozi moja: omu 16 kwa jina, kama 12 kwenye mita. Njia ya pili, mbili mbili sambamba, kisha mfululizo. Moja ikikatika mita inasoma kama 9, na ile iliyobaki peke yake inabeba theluthi mbili za nguvu zote mpaka nayo inakwenda. Wewe umesoma 11.7, ni njia ya kwanza. Unapiga spika MBILI. Kichwa kilichokuwa kinatoa 300 sasa kinatoa kama 150. Koni nusu, wati nusu, desibeli 6 zimeondoka.

#27 Chuma_Shangani
Au hakuna iliyoungua, ni kibanio cha kijani nilichosema #20. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha kwenye jeki: koni zilizo hai zinaruka. Chanya kwa chanya zote ziruke kwenda mbele. Ikiruka moja nyuma, mtu aliunga kinyume na ilikuwa inawaibia wenzake siku zote.

#28 BesiKavu
Mbili za kulia zinaruka mbele. Za kushoto kimya. Nimefungua. Ya juu kushoto inasoma 6.1. Ya chini kushoto haisomi kitu, vibanio vyake ni visafi. Ukisukuma koni taratibu kwa vidole mita inashtuka halafu inapotea.

#29 Sauti_Mikindani
Ikishtuka hivyo koili huenda ni nzima. Angalia zile nyuzi laini za kusuka zinazotoka kwenye kibanio kwenda kwenye koni. Zinakatika kwa kuruka sana. Na kinachozirusha sana ni besi iliyokazwa mwisho kulia, sitaji mtu. Zinabadilishwa, lakini tumia waya wa kusuka uleule, waya wa kawaida ukiuweka utakatika shoo ya kwanza. Acha ulegevu kidogo, usiguse koni. Ukishindwa, spika mpya iwe omu 8 na wepesi wake wa kupokea uwe sawa na za wenzake: ya desibeli 94 kati ya za 98 itakuwa abiria.

#30 MamaKwaya
Itengenezwe. Lakini boksi hilihili la spika mbili ukumbini lilikuwa linatosha na chenji inabaki, kasema mwenyewe #1. Kwa hiyo ukuta unabaki kuwa hoja.

#31 Sauti_Mikindani
Na ikwaliza.

#32 Vyombo_Nachingwea
Na sabu.

#33 BesiKavu
Nashukuru wote. Naanza na hizo nyuzi, besi katikati, boksi juu ya kreti mbili za soda. Jumamosi niko Mahuta, nitarudi na majibu.

#34 KumiNaTano
Ukikwama, kuna 1x15 ya omu 8 inauzwa hapa Mtwara, safi kabisa, kibandiko kipo.

#35 Fundi_Ligula
Kwenye mita inasoma ngapi?